Tarantella: ngoma ya buibui ya Italia, na lile shangazi yangu wa Garissa alilolitambua

Mwezi uliopita nilipanda basi hapa Malindi, nikapita Garsen na Hola, nikateremka Garissa jioni jua bado likiunguza. Nilikwenda harusini. Shangazi yangu, dadake marehemu baba, aliolewa huko zamani na mfanyabiashara wa mifugo, Msomali, na sasa amekaa Garissa miaka mingi kuliko aliyokaa pwani. Aliyekuwa akioa ni mjukuu wake.

Usiku wa harusi vijana walicheza dhaanto. Msomaji ambaye hajaiona, nitamweleza kwa ufupi. Ni ngoma ya Wasomali wa upande wa Ogaden, na Garissa, Wajir na Mandera harusi haikamiliki bila ya hiyo. Wanaume hujipanga upande mmoja na wanawake upande wa pili. Mmoja huanzisha beti, wengine huitikia, na mapigo hutoka kwenye makofi na kwenye miguu inayokita ardhi. Mabega hutikisika, shingo hunyooka, na wenyewe husema kwamba hatua zile zinaiga mwendo wa ngamia. Vumbi hupanda, na mtu akishaingia mstarini hatoki mpaka kanzu ilowe jasho.

Asubuhi yake tulikuwa tumekaa mkekani, tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia. Mpwa wangu mmoja, ambaye hufanya kazi kwenye hoteli ya Muitaliano huku kwetu, alitoa simu akasema, "Shangazi, hebu tazama na hawa wazungu nao wana dhaanto yao." Ilikuwa video ya tarantella. Wanawake waliovaa sketi pana wanazunguka, kitambaa chekundu mkononi, mmoja anapiga tari, mwengine kodiani, na mwendo unazidi kasi. Shangazi akacheka, akasema, "Ni wazuri."

Video ile ikaisha, na simu, kama ilivyo kawaida yake, ikaleta nyengine yenyewe. Hii ilikuwa filamu ya zamani, nyeusi na nyeupe. Mwanamke amevaa nguo nyeupe, yuko juu ya shuka iliyotandikwa sakafuni. Anatambaa, anagonga miguu, anakimbia kwa kuzunguka. Pembeni wamekaa wanaume wanapiga fidla na tari. Hapana anayecheka. Shangazi aliweka kikombe chini. Akatazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Huyu hachezi, mwanangu. Huyu anapungwa."

Neno lile lilinikaa kichwani njia nzima ya kurudi Malindi. Shangazi hajui Kiitaliano wala hajawahi kutoka Kenya. Vipi alilitambua jambo la kijiji cha Ulaya kwa dakika tatu? Ikabidi nisome. Haya ndiyo niliyoyapata.

Buibui, si la kuvaa

Kwenye ramani, Italia ina umbo la kiatu. Kisigino cha kiatu hicho ni jimbo la Puglia, na ncha yake ya kusini huitwa Salento. Hapo jirani kuna mji wa bandari, Taranto. Kutokana na jina la mji huo, buibui mkubwa wa mashambani akaitwa tarantula, na ngoma ikaitwa tarantella. Sisi wa pwani tukisema buibui, watu hufikiri vazi la mama zetu. Hapa nazungumzia mdudu.

Kwa karne nyingi wakulima wa Salento waliamini kwamba buibui huyo akikuuma, sumu yake haitoki kwa dawa. Hutoka kwa kucheza tu. Aliyeumwa alilegea, akakosa hamu ya kula, akalia bila ya sababu, akaanguka, au akakaa kimya siku nzima. Jamaa zake hawakumwita daktari. Waliwaita wapiga muziki.

Wakati wenyewe ulikuwa mwezi wa sita, wakati wa kuvuna ngano. Wanawake waliingia mashambani miguu mitupu, wakafanya kazi ya ujira tangu alfajiri. Wengine walikuwa kwenye mashamba ya tumbaku. Hao ndio walioumwa zaidi. Walikuwapo wanaume pia, ila wachache.

Sayansi inasema nini? Buibui yule mkubwa, ambaye wataalamu humwita Lycosa tarantula, anatisha kwa umbo lakini sumu yake ni ndogo. Mtu huvimba kidogo na kuumwa kama aliyedungwa na nyuki. Yuko mwengine mdogo, mweusi mwenye madoa mekundu, Latrodectus, ambaye sumu yake ni kali kweli na huleta jasho, maumivu ya misuli na wasiwasi. Kwa hiyo baadhi ya wagonjwa huenda waliumwa kikweli. Lakini kuna jambo moja ambalo sumu haiwezi kulieleza. Mwanamke aliyeumwa mwaka mmoja alirudi kuugua mwaka uliofuata, msimu ule ule, na mwaka wa tatu, na wa kumi. Buibui wa mwaka juzi hawezi kuuma leo.

Namna ya kutibu

Tiba ilifanyika nyumbani. Fanicha ziliondolewa, shuka nyeupe ikatandikwa sakafuni, na huo ndio ukawa uwanja. Wapigaji walikaa pembeni na ala zao: fidla, gita, kodiani, na zaidi ya zote tari, lile lile tunalolijua sisi, ngozi iliyowambwa juu ya duara la mbao, na vibati vinavyolia ubavuni.

Kwanza ilikuwa lazima kujua ni buibui gani. Wakazi wa Salento waliamini kwamba kila buibui ana tabia yake, rangi yake na wimbo wake. Yuko mpenda ngoma, yuko mwenye huzuni, yuko mgomvi. Basi wapigaji walijaribu wimbo mmoja, mgonjwa asitikisike. Wakabadilisha. Wakajaribu wa tatu. Waliletwa tepe za nguo za rangi mbalimbali, nyekundu, kijani, manjano, nyeusi, mgonjwa achague. Wimbo ukikubali, kidole kilianza kutikisika, kisha mguu, kisha mwili mzima. Mgonjwa alitambaa kama buibui, halafu akasimama akawa anamkanyaga buibui yule yule kwa miguu yake. Alicheza saa kadhaa, akapumzika, akacheza tena, pengine siku mbili au tatu, mpaka aseme mwenyewe kwamba amepata neema.

Msomaji wa pwani hapa ameshatabasamu. Anaijua habari hii. Kwetu, anayepungwa pepo hufanyiwa nini? Kila pepo ana kabila lake, na kila kabila lina nguo yake, uvumba wake, chano chake na nyimbo zake. Pepo wa Kiarabu hataki anachotaka wa Kihabeshi, na kibuki wa Unguja, ambaye asili yake ni Bukini, hana haja na nyimbo za ruhani. Fundi hujaribu huu na ule mpaka mwele atikisike. Ni buibui na pepo tu vilivyotofautiana.

Si siri kwamba watu wenye elimu walilijua jambo hili zamani. Padri Mjerumani aliyeishi Roma, Athanasius Kircher, alichapisha mwaka 1641 kitabu kuhusu sumaku, na ndani yake akaandika noti za nyimbo zilizotumika kuwatibu walioumwa. Mwaka 1695 daktari Giorgio Baglivi naye akaandika juu ya buibui huyo na ugonjwa wake. Karne iliyofuata madaktari wa Naples wakaanza kukanusha. Wakasema buibui hana hatia, ugonjwa uko kwenye fikira za watu.

Kanisa nalo halikupenda. Wanawake kujigaragaza sakafuni kwa muziki halikuwa jambo la ibada. Lakini watu ni wagumu kuacha, ikabidi desturi ile iingizwe kanisani kwa mlango wa nyuma. Mtakatifu Paulo, ambaye kwa Wakristo aliumwa na nyoka huko Malta asidhurike, akafanywa mlinzi wa walioumwa. Mjini Galatina kuna kanisa dogo lake lenye kisima, na kila tarehe 29 Juni, sikukuu yake, walioumwa waliletwa hapo wanywe maji, walie, wapige mayowe, washukuru kwa kupona au waombe kupona.

Mpigo wake

Kabla sijaendelea, niseme juu ya muziki wenyewe, maana ndio watu wengi wanaoujua. Tarantella hupigwa kwa mapigo sita yaliyogawanywa mafungu mawili ya matatu: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, upesi upesi. Anayetaka kuupata mwendo huo bila ya kwenda Italia na asikilize chakacha kwenye harusi yoyote ya Mombasa au Lamu. Nyimbo ni mbali, lakini hesabu ni hiyo hiyo ya sita, na ndiyo inayofanya kiuno kisitulie.

Tari ndilo linaloendesha. Mkono mmoja hulishika wima, wa pili hupiga kwa kiganja, kwa vidole na kwa kifundo, zamu kwa zamu, bila ya kukatika. Wapigaji wa Salento walipiga saa nyingi mpaka mkono ukachubuka. Mwendo huanza wa kawaida, kisha hupanda kidogo kidogo, na hapo ndipo kichwa cha msikilizaji huanza kuwa chepesi. Waliokwenda maulidini wakasikia matari yanavyopanda wakati wa kisimamo hawahitaji maelezo yangu.

Ni lazima pia tutenganishe vitu viwili. Iko ile ya kutibu, ambayo kule Salento muziki wake huitwa pizzica. Na iko tarantella ya furaha, ya Naples na miji mengine ya kusini, mwanamume na mwanamke wanazungukana, wanakaribiana na kukimbiana, kastaneti na matari yakilia. Hii ya pili ndiyo iliyopanda jukwaani. Watunzi wakubwa wa Ulaya waliichukua. Rossini aliandika wimbo wake maarufu wa mwendo huo mwaka 1835, na Chopin akafuata miaka michache baadaye. Watalii wakaipenda, mahoteli yakaicheza, na asili yake ikasahauliwa.

Kwetu pia viko vyumba viwili. Kwa Wasomali wa Garissa dhaanto ni chumba cha furaha, na kuna chumba cha pili ambacho hakionyeshwi wageni, kiitwacho saar, au mingis. Huku pwani chakacha ni chumba cha furaha, na kupunga pepo ni chumba cha pili. Mpwa wangu alituonyesha chumba cha kwanza cha Waitaliano. Simu ikatufungulia cha pili kwa bahati, na shangazi akakitambua kwa sababu alishawahi kulala ndani ya cha kwao.

Maria wa Nardò

Mwaka 1959 mtaalamu wa Kiitaliano, Ernesto de Martino, aliondoka na wenzake kwenda Salento kuchunguza jambo hili kabla halijafa. Hakwenda peke yake. Alichukua daktari wa akili, mtaalamu wa saikolojia, na mtaalamu wa muziki, Diego Carpitella, aliyerekodi nyimbo. Walihudhuria sikukuu ya Galatina, wakaingia majumbani, wakawauliza wagonjwa maisha yao. Kitabu alichokitoa mwaka 1961 alikiita La terra del rimorso. Neno la mwisho lina maana mbili kwa Kiitaliano: majuto, na kuumwa tena.

Mmoja wa waliomsimulia amempa jina la Maria wa Nardò. Huyu alikuwa maskini, alifiwa na babake akiwa mdogo, akalelewa na jamaa. Akiwa na miaka kumi na minane alimpenda kijana mmoja, lakini wazazi wa kijana walikataa kwa sababu ya umaskini wa Maria. Siku moja, akiwa dirishani katika huzuni hiyo, akaumwa na buibui. Akacheza. Baadaye aliozwa mwanamume mwengine asiyemtaka. Kila mwaka, mwezi wa sita ukifika, buibui alirudi.

Aliyekuwa akimpigia fidla ni kinyozi wa mji huo, Luigi Stifani. Mchana alinyoa ndevu, akiitwa alifunga duka akachukua fidla. Aliweka hata daftari la wagonjwa aliowapigia. Alifariki mwaka 2000, na ni yeye aliyewafundisha vijana wengi nyimbo zile.

De Martino hakusema wanawake wale walikuwa waongo, na hakusema walikuwa wendawazimu. Alisema kwamba buibui aliwapa lugha. Mwanamke aliyekuwa hana ruhusa ya kusema "simtaki mume huyu" au "nimechoka na shamba la watu" alikuwa na ruhusa ya kuumwa. Akiumwa, nyumba nzima ilisimama. Wapigaji wakaja, majirani wakaja, baba akauza kitu au akakopa, maana muziki ule haukuwa wa bure. Kwa siku mbili au tatu kila mtu alimtazama yeye na kumuuliza: unataka wimbo gani, unataka rangi gani?

Kutoka Salento hadi mto Tana

Nani angefikiri kwamba njia ya kutoka huko inafika Garissa? Lakini Waitaliano na watu wa upande huo ni majirani wa zamani. Hadi mwaka 1925 nchi ya Jubaland, pamoja na Kismayu, ilikuwa chini ya serikali ya Kenya. Waingereza wakaikata wakawapa Waitalia, kulipa ahadi waliyoitoa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mpaka ukachorwa kati ya ndugu na ndugu. Mpaka leo ukiingia mkahawa wa Garissa utaagiza baasto, yaani tambi za Kiitaliano, ukala na nyama na ndizi mbivu pembeni, na mwenye kuuza atakwambia ni chakula cha Kisomali tangu enzi. Waitaliano waliacha tambi. Tarantella hawakuiacha, wala hakukuwa na haja, kwa sababu Wasomali walikuwa na yao.

Mtaalamu Muingereza I. M. Lewis aliyeishi na Wasomali aliandika juu ya saar, na kitabu chake cha mwaka 1971, Ecstatic Religion, kinazungumzia saar na buibui wa Italia pia. Alieleza kwamba saar huwapata zaidi wanawake walioolewa. Mume amesafiri na mifugo miezi mingi, mke ana watoto na njaa, au mume ameleta mke wa pili. Mke anaugua. Wanawake wajuzi wanasema ni saar, na saar ana madai: nguo mpya, manukato, chakula kizuri, na ngoma. Mume analipa huku ananung'unika. Desturi hii imeenea Uhabeshi, Sudan, Misri na nchi za Ghuba, kila mahali kwa jina linalofanana.

Sasa nirudi kwa shangazi. Siku ile, mpwa alipoondoka na simu yake, aliniambia habari ambayo babangu hakuwahi kunisimulia. Alikuwa mke kijana, mgeni Garissa, Kisomali chake cha kubahatisha, na watoto wawili. Mumewe akaoa mke wa pili. Ni haki yake kisheria, na shangazi hakusema neno. Baada ya mwezi akashindwa kula. Mikono ikatetemeka. Akawa anaanguka jikoni. Mavyaa wake, ambaye alikuwa mtu wa heri, aliwaita wanawake wa mingis. Wakamfunika nguo, wakafukiza ubani, wakaimba huu na ule, na wimbo wa nne au wa tano ukamwinua. Alicheza usiku kucha. Pepo akasema kwa ulimi wake anataka shuka nyekundu, mafuta mazuri, na nyumba isiyokuwa na mke mwengine ndani.

"Mume wako alifanya nini?" nikamuuliza.

"Alimjengea yule mwenzangu nyumba yake, upande wa pili wa mji. Nami nikala." Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nasali swala tano na najua sheikh anasema nini juu ya mambo yale. Nilishatubia. Lakini pepo yule aliomba vitu ambavyo mimi nisingethubutu kuviomba."

Hili na lile

Nataka nieleweke vizuri, kwa sababu safu hii husomwa na watu wa kila aina. Siwaiti watu warudi kwenye kilinge. Maulamaa wetu wamelisema hilo na mimi si mwenye elimu ya kuwapinga. Anayetaka kisomo cha Qur'ani kipo, na anayeumwa aende hospitali. Tena tiba zile zilikuwa na maovu yake. Huko Salento familia maskini ziliingia madeni kwa kulipa wapigaji, na huku kwetu kuna mafundi waliokula mali za wanyonge. Na wako wagonjwa waliokuwa na maradhi ya kweli, ya kifafa au ya kichwa, wakachezeshwa mpaka wakafa.

Ninalosema ni dogo kuliko hilo. Tulipoifunga ngoma, tulifunga pamoja nayo lile swali. Zamani mwanamke akinyamaza kupita kiasi, watu walikusanyika wakamuuliza: nani amekukamata, anataka nini? Leo tunampeleka kupimwa damu, majibu yanarudi safi, tunamwambia hana kitu, akaendelee na kazi.

Waitaliano wao walifanyaje? Miaka ya 1960 na kuendelea mashine zikaingia mashambani, vijana wakahamia viwanda vya kaskazini na nchi za nje, madaktari wakaongezeka, na walioumwa wakaanza kuona haya. Kuitwa mtu wa buibui likawa tusi. Ngoma ikakaribia kufa. Kisha watoto na wajukuu wa watu wale wale wakaigeukia. Tangu mwaka 1998 kila mwezi wa nane kijiji cha Melpignano hufanya tamasha la usiku liitwalo La Notte della Taranta, na watu kwa maelfu mengi hujaa uwanjani kucheza pizzica. Ni biashara nzuri na fahari ya mkoa. Lakini wako wazee huko wanaosema kwamba jukwaani kuna kila kitu isipokuwa yule mwanamke wa kwenye shuka nyeupe. Muziki wake umebaki, na yeye hayupo. Sisi tukitaka kuhifadhi ngoma zetu tulifikirie hilo. Dhaanto imekuwa ya mikutano ya siasa na ya video za harusi, chakacha imeingia mahotelini, na hayo si mabaya, ila tusidhani kwamba tumehifadhi kila kitu.

Nimalizie na lililotokea kabla sijaondoka Garissa. Ndani ya nyumba ile ya harusi mlikuwa na msichana, mjukuu mwengine wa shangazi, aliyeolewa mwaka jana na sasa amerudi kwao kwa kuwa ni mgonjwa. Usiku wote wa dhaanto alikuwa kwenye chumba cha nyuma, amelala ameelekea ukutani. Hali, hazungumzi. Walimpeleka hospitali, wakapima kila kitu, hakuna kilichoonekana. Walimletea sheikh akamsomea, akatulia siku mbili. Wanaume walikuwa wakibishana barazani wampeleke Nairobi au wamrudishe kwa mumewe.

Baada ya adhuhuri siku ile ya simu, shangazi alisimama, akajitanda leso yake, akaingia chumba kile na kufunga mlango. Hakuchukua tari wala ubani. Alichukua chupa ya chai na vikombe viwili. Alikaa humo mpaka adhana ya alasiri.

Alipotoka alimwita mwanawe, babake yule msichana, wakaenda kuzungumza chini ya mwarobaini. Waliyosema sikuambiwa, na sikuwa na haki ya kuuliza. Kijana aliyekuwa barazani alimtania: "Nyanya, umempunga pepo?"

"Nimemuuliza anataka nini," akajibu. "Hakuna aliyekuwa amemuuliza."

Juzi nilipiga simu kuwajulia hali. Wakaniambia msichana anakula, bado yuko kwao, na mambo yake yanazungumzwa na wazee wa pande zote mbili.